DRC: Kinga ya wabunge inaanguka kwa hesabu ya kura, si kwa uzito wa kosa

Mwezi wa tisa mwaka 2025, wabunge wa kitaifa zaidi ya mia mbili walitia saini kwenye barua za kudai Vital Kamerhe aondoke kwenye kiti cha spika. Kati ya lawama walizoandika: makuta ya bunge yanatumiwa gizani, na kazi ya kuchunguza serikali inazuiliwa. Kamerhe alijiuzulu tarehe 22 ya mwezi huo. Mwezi wa kumi na moja, Aimé Boji, mbunge kutoka Kivu Kusini, akachaguliwa kuchukua nafasi yake.

Kudai hesabu kwa mkubwa wao ilikuwa haki yao. Shida ni kwamba mchaguzi wa Beni, Bunia ama Uvira akiwauliza wao swali lile lile, hapati karatasi ya kusoma.

Tuanzie kwa mshahara. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, katika kifungu cha 109, inasema mbunge anapewa malipo ya haki yenye kulinda uhuru na heshima yake, na kwamba malipo hayo yanaandikwa katika sheria ya bajeti. Bajeti hiyo wanaipigia kura wenyewe. Mpinzani Martin Fayulu, aliyekuwa mbunge, alitaja hadharani dola 21,000 kwa mwezi kwa kila mmoja. Wabunge wengi walikataa hesabu hiyo kwa hasira. Nani alisema kweli? Karatasi moja ya malipo, ikiwekwa wazi na ofisi ya bunge, ingemaliza mabishano kwa dakika tano. Mwalimu wa shule ya msingi wa Butembo, mshahara wake unajulikana na mtaa mzima, hata na mwenye duka anayemkopesha unga.

Mwaka 2022 wabunge walipewa jeep mpya za aina ya Hyundai Palisade, zilizosemwa kwamba zimetoka kwa mkuu wa inchi. Mwaka huo huo, tarehe 13 mwezi wa sita, Bunagana ilianguka mikononi mwa M23. Wakaaji wa Rutshuru waliokuwa wanakimbia na magodoro kichwani hawakusahau picha za zile jeep. Lakini hata bila vita, swali lingebaki: bunge linalopaswa kuuliza serikali maswali linapokea vipi zawadi kutoka upande ule ule? Katika mabunge mengi ya dunia kuna sheria ya kuandika zawadi yoyote inayopita kiasi fulani, na daftari hiyo inasomwa na kila mtu.

Kuhusu mali, katiba yenyewe iliacha mlango wazi. Kifungu cha 99 kinamlazimisha raisi na mawaziri kuandikia Mahakama ya Katiba mali yao yote, pamoja na ile ya bibi ama bwana na watoto wadogo, kabla ya kuanza kazi na wakati wa kuondoka. Asiyefanya hivyo ndani ya siku thelathini anahesabiwa kuwa amejiuzulu. Mbunge na seneta hawatajwi pale. Mtu anaweza kuingia bungeni akipanga nyumba, akatoka na majumba matatu Kinshasa, na kifungu hicho hakitamgusa. Kwa kurekebisha hilo hakuna haja ya kugusa katiba, jambo ambalo sasa linawasha moto kila likitajwa. Sheria ya kawaida inatosha, na wenye kuipiga kura ni wao.

Lakini jambo linalosumbua zaidi ni kinga. Kifungu cha 107 kina sehemu mbili ambazo watu wanazichanganya. Ya kwanza inamlinda mbunge kwa maneno na kura anazotoa akiwa kazini. Hiyo ni ya lazima, maana bila hiyo hakuna atakayethubutu kumkosoa waziri. Ya pili inasema mbunge hawezi kushitakiwa bila ruhusa ya bunge lake, isipokuwa amekamatwa palepale akitenda kosa. Hapo ndipo biashara inaanzia, kwa sababu ruhusa inatolewa na wenzake, na wenzake wanafuata walio wengi.

Angalia juma moja tu, mwezi wa tano 2025. Siku ya pili, tarehe 20, Mahakama ya Katiba ilimhukumu Augustin Matata Ponyo miaka kumi ya kazi ngumu juu ya makuta ya shamba la Bukanga-Lonzo, zaidi ya dola milioni 200. Alikuwa mbunge wa Kindu. Bunge la Taifa lilikuwa limelalamika kwamba halikuombwa kuondoa kinga yake. Mahakama ikaendelea na kesi. Siku ya ine, tarehe 22, Baraza la Seneti likaondoa kinga ya Joseph Kabila, seneta wa maisha, kwa kura 88 dhidi ya 5. Pale kura ilipita mbio. Na katika kesi ile ile ya Bukanga-Lonzo, mwaka 2021, Matata akiwa seneta, maseneta walikuwa wamekataa kumtoa mara ya kwanza. Mtu yule yule, kosa lile lile, majibu tofauti.

Wakati huohuo, Jean-Marc Kabund, aliyekuwa makamu wa kwanza wa spika, alikamatwa mwezi wa nane 2022 akiwa bado mbunge, akahukumiwa miaka saba kwa kumtukana mkuu wa inchi. Hoja hapa si kama Matata, Kabila ama Kabund wana makosa ama hawana. Ni kwamba raia hawezi kujua mbele ni sheria gani itafuatwa. Akitaka kukisia kitakachompata mbunge fulani, anahesabu kwanza nani yuko na walio wengi.

Mageuzi yenye maana yangeweka muda: bunge likiombwa ruhusa na mwendesha mashitaka, lijibu katika siku zilizohesabiwa, na kuandika sababu. Kesi za makuta zitenganishwe na kesi za maneno. Na malalamiko juu ya mwenendo yapelekwe kwa kamati ambayo ndani yake kuna watu wasio wabunge, kwa mfano majaji waliostaafu, badala ya kuachiwa ofisi ya spika peke yake. Wabunge watasema hilo linaingilia uhuru wao. Hoja hiyo ina nguvu katika inchi ambayo majaji pia wanalalamikiwa kwamba wanapokea simu kutoka juu, na kwa hiyo kamati kama hiyo isipewe nguvu ya kufunga mtu. Ichunguze na kutangaza, basi.

Sheria nyingine tayari iko. Kifungu cha 110 kinasema mbunge anayekosa bila sababu zaidi ya robo ya vikao anapoteza kiti. Kinasema pia kwamba anayehama chama kwa hiari yake anahesabiwa kuwa ameacha ubunge. Hata hivyo, tarehe 10 mwezi wa kumi na mbili 2020, kura 281 zilimwangusha Jeanine Mabunda, na wengi waliotoka kambi ya FCC kwenda Union sacrée walibaki kwenye viti vyao. Kuhusu mahuzurio, mchaguzi wa Uvira anaisoma wapi orodha ya waliokosa?

Kwa wakaaji wa mashariki hili si jambo la Kinshasa tu. Masisi na Rutshuru hazikupiga kura mwaka 2023. Goma na Bukavu ziko mikononi mwa AFC/M23 tangu mwezi wa kwanza na wa pili 2025, na wabunge wa miji hiyo hawawezi kurudi wakati wa mapumziko kuwaeleza watu walichofanya, kama inavyotakiwa. Chini ya hali ya dharura iliyotangazwa Kivu Kaskazini na Ituri mwezi wa tano 2021, mabunge ya majimbo yalisimamishwa, na magavana wakawa wanajeshi. Waliobaki kuuliza makuta ya vita yanaenda wapi walikuwa wabunge wa kitaifa na maseneta. Kamati ya ulinzi ilitoa ripoti kali mwaka ule. Baada ya hapo, kila siku kumi na tano, kura ya kuongeza muda iliendelea kupita.

Vikao vya kawaida vinafunguliwa tarehe 15 mwezi wa tatu na tarehe 15 mwezi wa tisa. Ofisi ya Aimé Boji haihitaji sheria mpya ili itangaze, mwisho wa kila juma, nani alikuwa ndani ya Jumba la Watu na nani hakuwa, na namna kila mmoja alivyopiga kura. Kwa aliyekimbia Bukavu na sasa anaishi kwa jamaa Uvira ama Bujumbura, hiyo ingekuwa habari ya kwanza kutoka kwa mbunge wake ambayo hakuiomba.