Nyumba ya Bujora na Siri Zake

Juma hili nawaalika tutembee kidogo. Tutoke Nyamagana kwa barabara ya Musoma, kilomita kama 20 hivi, mpaka Kisesa. Hapo tupinde, tuelekee kilima cha mawe. Tutaona kanisa la mviringo, mfano wa nyumba ya mtemi, na karibu yake nyumba nyingine yenye umbo la kiti cha enzi. Hapo ndipo Bujora.

Mgeni akiona hayo hushangaa. Huuliza, "Hekalu hili ni la nani?" Na akisikia habari za vyama vya siri, hurudi mjini na hadithi ndefu. Wewe usiwe kama yeye. Sikiliza kwanza.

Misioni ya Bujora ilianzishwa katika miaka ya 1950 na Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika. Wasukuma walimwita Fumbuka. Hakuzikimbia ngoma zao. Alikaa na wazee, akauliza, akakusanya ngoma na vyombo vya watemi, na mwaka 1968 yakawa Makumbusho ya Wasukuma. Alifariki mwaka 1986.

Na vyama vyenyewe? Kuna Bagika na Bagalu, wanaoshindana kwa ngoma tangu karne ya 19, siku za manju wawili mashuhuri, Ngika na Gumha. Kila upande una dawa yake ya kuvuta watazamaji. Hukutana Bujora katika Bulabo, maana yake maua, karibu na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Kuna Banunguli, wawindaji wa nungunungu, na Bayeye, wanaocheza na chatu. Mtu haingii vivi hivi: hufundishwa, huchanjwa, hukatazwa kutoboa siri.

Basi siri ya Bayeye ni nini? Ni elimu. Wamejifunza tabia za nyoka, na mizizi ya kumtibu aliyeumwa. Zamani mkulima aliyeumwa shambani alimwendea Muyeye kama wewe uendavyo kwa daktari. Elimu hiyo ilikuwa riziki, ndiyo maana ikafungiwa. (Leo aliyeumwa na nyoka apelekwe hospitali upesi, asicheleweshwe.)

Lakini siri ina ubaya wake. Mahali watu wasipojua, hunong'ona. Na huku kwetu Usukuma minong'ono imeua. Bibi wakongwe wamekatwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi, kisa macho yao mekundu. Wekundu ule ulitoka wapi? Ni moshi wa kuni na wa samadi, miaka mingi jikoni, wakiwapikia watoto na wajukuu. Muyeye alikuwa na siri, akaheshimiwa. Bibi yule hakuwa na siri yoyote, akauawa.

Ndugu msomaji, Padre Fumbuka alikuwa mgeni, hata lugha alijifunza ukubwani. Hata hivyo aliuliza kabla ya kuhukumu. Sisi wenyeji tushindwe?

Siku moja wapeleke watoto wako Bujora. Wazishike ngoma, wamwulize mzee maana yake. Halafu jirani akija jioni kunong'ona habari za bibi fulani, mtoto wako atajua la kumwuliza: "Je, wewe umeona, au umesikia tu?"

Kwa herini mpaka juma lijalo.