Wenye jeep za okazyo, pesa ya garaji iko wapi?

Mtu anauza shamba, ananunua jeep ya okazyo iliyopitia Kasindi, halafu anakosa pesa ya vidanji. Freni zinalia, yeye anaongeza sauti ya redio! Ukimuuliza, anasingizia barabara. Ni kweli, mashimo ya barabarani yanamaliza amotisere. Basi si alijua mbele? Kwa nini hakuweka kando kidogo kila safari, ya freni, filtre na mipira?

Anayelipa ni mama aliyekimbia vita Oicha. Ametoa nauli yote, gari linazimika njiani saa kumi na mbili jioni, mtoto mgongoni, na huku kila mtu anajua hatari ya kulala porini. Fundi aangalie chini ya gari kabla ya kupakia watu. Tajiri akikataa, abiria washuke na nauli yao.