Nani aliyeugawa muziki wa banjo?

Tangu Beyoncé alipotoa albamu yake Cowboy Carter mwezi Machi 2024, pamezuka mjadala uliovuka bahari na kufika hata katika kumbi za Nairobi na Nakuru ambako nyimbo za kantri hupigwa mwisho wa juma. Je, mwimbaji mweusi ana haki gani ya kuuimba muziki huo na kuuita wake? Chama cha Muziki wa Kantri cha kule Nashville hakikumteua mwaka huo kuwania tuzo hata moja. Februari 2025 waamuzi wa tuzo za Grammy wakampa tuzo ya albamu bora ya kantri, pamoja na ile ya albamu ya mwaka. Huku kwetu swali hilo limegeuzwa upande wa pili: Mkenya anayeupenda muziki huo, avaaye kofia pana na viatu virefu vya ngozi, si mtumwa wa mawazo anayeshabikia vya wazungu na kuvibeza vya kwao?

Nafundisha isimu, sifundishi muziki. Hata hivyo, naona kwamba maswali yote mawili yanasimama juu ya jina, na majina ndiyo kazi yangu. Tunaposema "kantri", "blugrasi", "muziki wa jadi wa Marekani" au "Amerikana", twadhani kwamba majina hayo yaliota yenyewe kama uyoga baada ya mvua. La hasha! Yalibandikwa, na waliobandika aghalabu walikuwa wauzaji.

Katika miaka ya 1920, kampuni za kurekodi za Marekani zilitambua kwamba watu maskini wa Kusini walikuwa tayari kununua sahani za santuri. Zikatengeneza orodha mbili za bidhaa. Ya kwanza iliitwa ya "muziki wa mbari", yaani wa weusi. Ya pili ikapewa jina la dharau walilopewa wazungu washamba wa milimani. Mpiga fidla mweusi aliyejua nyimbo zile zile za jirani yake mzungu hakuwa na nafasi katika orodha ya pili, na mara nyingi aliambiwa aimbe bluzi au arudi nyumbani. Mwaka 1949 jarida la Billboard lilibadilisha majina hayo yakawa ya adabu zaidi, lakini ukuta ukabaki pale pale. Na baada ya ushindi wa Beyoncé, mwaka huo huo wa 2025, wakuu wa Grammy walitangaza kwamba tuzo ile ya kantri ingegawanywa mara mbili, ya "kisasa" na ya "kimapokeo". Sisemi kwamba jambo moja lilizaa jingine. Nasema tu kwamba mkono wa kubandika majina haujachoka.

Sasa tuitazame banjo yenyewe, ala ambayo bila hiyo blugrasi haipo. Wajola wa Senegali na Gambia wanayo akonting, kibuyu kilichowambwa ngozi, chenye mpini mrefu na uzi mmoja mfupi unaopigwa kwa kidole gumba. Ala za jamii hiyo zilivuka Atlantiki pamoja na watumwa, zikatengenezwa upya katika visiwa vya Karibi na mashamba ya Virginia. Kufikia miaka ya 1840, waigizaji wa kizungu waliojipaka masizi nyusoni walikuwa wameitwaa ili kuwachekesha watu kwa kuwaiga weusi. Miaka mia moja baadaye, banjo ilikuwa imekuwa alama ya mzungu wa milimani. Wajukuu wa waliokuja nayo walikuwa wameiacha, na si ajabu, kwa jinsi ilivyotumiwa kuwafanyia dhihaka.

Nilipokuwa masomoni Marekani nilihudhuria mara kadhaa mikusanyiko ya muziki huu katika milima ya Virginia, na ni lazima nikiri kwamba kanda hazikuwa zimeniandaa. Kikundi cha blugrasi husimama kwa kuizunguka maikrofoni moja. Mwenye fidla husogea mbele, hupiga zamu yake, kisha hurudi nyuma kumpisha mwenye mandolini, naye humpisha mwenye banjo; hawagongani, wala hakuna anayewaelekeza. Lakini uhondo wenyewe uko nje, kwenye uwanja wa kuegesha magari, ambako wasikilizaji hufungua buti zao na kutoa magitaa. Mgeni asiyejulikana huruhusiwa kuingia katika duara, mradi ajue lini apige na lini anyamaze. Nimewahi kumwona mzee fundi wa magari akimsubiri mtoto wa miaka kumi amalize zamu yake, kwa heshima ile ile ambayo angempa bingwa.

Duara kama hilo ndilo lililomlea Bill Monroe wa Kentucky, ambaye kikundi chake, Blue Grass Boys, ndicho kilichoupa muziki huo jina. Monroe mwenyewe alisimulia jinsi alivyojifunza kwa Arnold Shultz, mpiga gitaa na fidla mweusi ambaye alipiga naye katika dansi za vijijini akiwa kijana. Shultz alifariki mwaka 1931 bila kuacha hata rekodi moja. Waama, orodha za wauzaji hazikuwa na mahali pa kumweka.

Nisije nikaeleweka kwamba jukwaa ni mahali patakatifu. DeFord Bailey, mweusi mpiga kinanda cha mdomo, alikuwa miongoni mwa nyota wa kwanza wa Grand Ole Opry, kipindi cha redio ya Nashville kilichoanza mwaka 1925. Alisafiri na wenziwe wazungu katika ziara, wakashangiliwa pamoja, na usiku ukiingia ilikuwa shida kumpatia hoteli ya kulala. Mwaka 1941 alifutwa kazi, akajikimu kwa kung'arisha viatu. Ukumbi wa Heshima wa Muziki wa Kantri ulimwingiza mwaka 2005, miaka 23 baada ya kifo chake. Wahenga wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Sijui wangesema nini juu ya Bailey.

Ndiyo maana nalithamini jambo lililotokea mwaka 2005 katika mji wa Boone, North Carolina, ambako wapiga banjo weusi walikutana. Vijana watatu waliojuana huko walikwenda kujifunza kwa mzee Joe Thompson, mmoja wa wapiga fidla weusi wa mwisho wa mtindo wa kale, wakaketi naye nyumbani kwake juma baada ya juma. Kikundi chao, Carolina Chocolate Drops, kilipata Grammy mwaka 2011. Mmoja wao, Rhiannon Giddens, ndiye aliyepiga banjo katika wimbo wa Beyoncé. Aprili 2025 aliandaa tamasha lake mwenyewe mjini Durham.

Wapo wenzetu ambao wakisikia haya huruka na kudai kwamba blugrasi ni ya Kiafrika tangu utosini hadi unyayoni. Hilo nalo ni kosa la wale wale wabandikaji. Fidla na nyimbo nyingi za masimulizi zilitoka Uskoti, Ayalandi na Uingereza, mandolini ikatoka Italia. Anayetaka kumwondoa mmoja wa wazazi hawa atabaki na yatima.

Basi Mkenya apendaye kantri na aipende kwa raha zake. Mashabiki wa Sir Elvis, mwimbaji wetu wa kantri, hawana la kuona haya, wala wale wa mugithi, ambako mtu mmoja na gitaa lake husindikizwa na ukumbi mzima ulioshikana mabega. Ninachowaomba ni waende ukumbini na kulipa kiingilio, kwa sababu wimbo unaosikilizwa katika simu humletea mwanamuziki vijisenti tu.

Tena uhusiano wetu na muziki huu ni wa zamani kuliko tunavyodhani. Jimmie Rodgers, aliyerekodiwa mara ya kwanza mjini Bristol Agosti 1927, alifika Kericho kwa santuri. Hugh Tracey alipowarekodi Wakipsigis mwaka 1950, aliwakuta wakiimba juu ya "Chemirocha". Mwanaisimu hawezi kupita hapa bila kusimama: Kikalenjin hakitofautishi "j" na "ch", basi Jimmie akawa Chemi, Rodgers akawa rocha, na jina zima likapata mwanzo wa Kikalenjin kabisa, kama Chebet. Tracey aliandika kwamba wasichana walimfikiria mwimbaji huyo kuwa nusu mtu nusu paa, akamfananisha na mungu Pani wa Wayunani. Nashuku kwamba Pani huyo alizaliwa katika daftari la Tracey. Hata hivyo wimbo ni mtamu ajabu, na mwaka 2015 nakala za rekodi hizo zilirejeshwa Kapkatet, wazee wakazisikiliza. Katika kumbi zote za kantri nilizohudhuria Nairobi, sijamsikia hata mmoja akiuimba.