Usinunue mlango wa kirikuu kwa jina tu

Kwa mkulima wa Litapunga, kirikuu ya zamani si chuma chakavu. Injini ikiwa nzima, bado inafikisha mpunga na mahindi sokoni Mpanda. Kinachoiua mara nyingi ni bodi: sakafu iliyoliwa na kutu, mlango usiofunga, bampa iliyong'oka.

Hapo ndipo fedha zinapopotea. Mwenye gari hupiga simu Dar es Salaam, Gerezani au Ilala, akataka "mlango wa Suzuki Carry", kisha akatuma malipo. Mlango husafiri zaidi ya kilomita 1,000, na ukifika haukai. Carry zimetengenezwa tangu miaka ya 1960, na mwaka 1998 Japani iliongeza urefu na upana unaoruhusiwa kwa magari madogo ya aina hiyo. Jina likabaki lile lile, bodi ikabadilika.

Tunawashauri wenye magari watume kwanza namba ya chesisi, ambayo imo kwenye kadi ya gari, pamoja na picha ya bawaba. Nao wauzaji waandike juu ya kila kipande kimetoka gari la aina gani na la mwaka gani. Hiyo ni kazi ya dakika moja kwa chaki, na mteja wa mbali anaidai kwa haki.

Sakafu haina haja ya kuagizwa. Fundi wa kuchomelea aliye jirani akate bati bovu lote, aunge jipya. Akianza kupaka puti juu ya kutu, mwenye gari aondoke na gari lake.