Mtafiti Alifikaje Huko?

Makala za utafiti wa ulemavu zinazofika mezani petu zina sehemu moja inayofanana mno: ile ya mbinu. Mwandishi anataja wilaya, idadi ya waliohojiwa, aina ya dodoso na kibali cha tume ya sayansi, COSTECH ya Tanzania au NACOSTI ya Kenya, kisha anaingia kwenye matokeo. Hatuambiwi alikaa kwa nani, alipanda gari gani, nani alimbeba mhojiwa kumpandisha ngazi za ofisi ya kata, wala walielewana vipi siku mkalimani wa lugha ya alama hakutokea. Hoja ya toleo hili ni kwamba maisha ya kila siku ya mtafiti aliye ugenini ni sehemu ya utafiti wake, na anayeyaacha nje anatunyima ushahidi.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia 2009, unaeleza kuwa ulemavu hutokea pale mwili wenye upungufu unapokutana na vizuizi vya mazingira na vya mitazamo ya watu. Vizuizi hivyo havikai kwenye dodoso. Viko kwenye mtaro usiofunikwa, kwenye choo chenye mlango mwembamba, kwa konda anayegonga bodi gari liondoke akiona kiti cha magurudumu kituoni. Mgeni huviona upesi kwa sababu bado hajavizoea. Akivizoea kabla ya kuviandika, vimepotea.

Tazama kazi ya Annelies Kusters, mwanaanthropolojia kutoka Ubelgiji ambaye mwenyewe ni kiziwi. Treni za mijini za Mumbai zina sehemu zilizotengewa watu wenye ulemavu. Humo viziwi hukutana wakienda na kurudi kazini, hupashana habari, hufundishana mambo ya mji, na wengine hupitiliza kituo chao ili mazungumzo yasikatike. Jambo hilo lisingejulikana kwa kumtembelea mtu nyumbani na kumuuliza kiwango chake cha elimu. Ilibidi kupanda treni, tena na tena, pamoja nao. Baadaye Kusters aliishi Adamorobe, kijiji cha Ghana chenye viziwi wengi wa kurithi na lugha yake ya alama, na kitabu chake kilitoka 2015. Kuwa kiziwi kulimfungulia mlango, lakini hakukumwondolea ugeni wa mtu aliyetoka Ulaya, na tunamheshimu zaidi kwa kutolificha hilo.

Karibu na kwetu kuna Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Susan Reynolds Whyte wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, pamoja na Herbert Muyinda wa Uganda, waliandika mwaka 2007 juu ya wachuuzi wasioweza kutembea waliokuwa wakivusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu. Baiskeli ilibeba mzigo mkubwa, maofisa wa forodha waliwalegezea kamba, na vijana walipata kibarua cha kusukuma. Mtu aliyezoea kuhesabu walemavu kama mizigo ya familia angeshangaa kukuta familia zinakula kwa jasho lao. Lakini ni lazima usimame pale mpakani, juani, hadi uone nani anamlipa nani.

Hapo ndipo tunapofika kwenye fedha, jambo ambalo waandishi wetu hulikwepa kuliko yote. Mtafiti anayetoka nje huja na tiketi, bima na posho. Mhojiwa mwenye ulemavu anayekuja kuhojiwa analipa nauli ya watu wawili, yake na ya anayemsindikiza, na huyo msindikizaji amepoteza kibarua cha siku hiyo. Mkalimani wa lugha ya alama huombwa ajitolee, kana kwamba kazi yake ni huruma. Hatukubali hesabu hiyo.

Kuanzia toleo lijalo, kila makala ya utafiti itakayoletwa kwetu ieleze mtafiti alifikaje, aliishi wapi, nani alimkalimania, nani alimsindikiza mhojiwa, na kila mmoja wao alilipwa kiasi gani. Makala isiyo na maelezo hayo tutairudisha kwa mwandishi ayaongeze.