Bukavu: Kumnunua sokwe mtoto kwa huruma ni kuagiza mwingine

Ni swali ambalo vijana wa Bukavu wanapenda kutupiana jioni, mbele ya vibanda vya unite ama wakingojea mechi ianze: ukipewa pesa na parseli kubwa, ungefuga mnyama gani wa pori? Mmoja anasema simba, ili wezi wasikaribie. Mwingine anasema mamba, na watu wanacheka. Halafu yuko anayesema kwa sauti ya chini kidogo: kasuku, ama sokwe mtu akiwa bado mtoto. Hapo kicheko kinapungua, kwani kila mmoja anajua kwamba hao wanapatikana.

Hapo ndipo Bukavu inatofautiana na miji ya mbali na msitu. Kwingine swali hilo ni la kupitisha muda tu. Hapa, mbuga ya Kahuzi-Biega iko karibu, na mtu akitamka kwamba anatafuta sokwe mtoto, haikosi atakayesikia na kulichukua neno hilo kama kazi.

Wengi wanaonunua si watu wabaya. Mara nyingi mnunuzi ni mtu mwenye moyo. Muuzaji anafika na kikapu, anafunua kitambaa, anasema: "Papa, angalia huyu mtoto, mama yake amekufa. Akilala njiani hata leo hafikishi kesho. Musaidie tu." Mtoto ana macho kama ya binadamu, anamshika mnunuzi kidole na hataki kukiachilia. Nani atakataa? Pesa inatoka mfukoni, na jioni hiyo familia inaambiana kwamba imeokoa uhai.

Lakini mama yake alikufaje? Sokwe mtu ananyonya mpaka miaka minne ama mitano, na muda huo wote mama hamwachi. Hakuna njia ya kumchukua mtoto bila kumuua mama, na mara nyingine wengine wa kundi wanaokuja kumtetea. Nyama inauzwa, mtoto anabaki kama faida ya juu. Anayelipa kwa huruma na anayelipa kwa majivuno wanatoa noti zile zile. Muuzaji hazitofautishi. Anachokumbuka ni kwamba katika kartie hiyo watoto wa sokwe wananunuliwa, na anarudi msituni.

Halafu huyo mtoto anakua. Akifikisha miaka sita au saba anamshinda nguvu mtu mzima, anauma, anavunja. Basi anafungwa mnyororo nyuma ya nyumba, na anaweza kuishi miaka 50. Mafua ya watoto wa nyumbani yanaweza kumuua, na yeye pia anaweza kuwapa magonjwa. Waliobahatika wanafikishwa Lwiro, katika kituo kilichofunguliwa mwaka wa 2002 kwa ajili ya wanyama wa jamii ya sokwe na nyani walionyang'anywa watu. Leo sokwe mtu peke yao pale wanazidi 100. Wengi wao waliwahi kuwa wa kufugwa ama wa kuuzwa. Kuwarudisha porini si kufungua mlango tu, kwani hawakufundishwa na mama zao chakula wala hatari.

Kuhusu kasuku, watu wanajitetea kwa urahisi zaidi. Ni ndege tu, wanasema, na anapendeza pale mlangoni akisema "karibu" kwa wageni. Yeye naye alinaswa kwa ulimbo uliopakwa matawini, wenzake wengi wakafa njiani katika vizimba vilivyobanana, na manyoya ya mabawa yakakatwa. Ni ndege wa kundi. Akikaa peke yake miaka na miaka, wengine wanafikia kujinyonyoa manyoya wenyewe. Mwaka wa 2016, nchi za mkataba wa CITES zilikutana Johannesburg na kukataza biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wanaokamatwa porini.

Congo pia ina sheria zake, ile ya uwindaji ya mwaka wa 1982 na ile ya uhifadhi wa mazingira ya Februari 2014. Shida ni kwamba anayekamatwa kwa kawaida ni kijana mwenye kikapu. Aliyeagiza, mwenye lango la chuma na mlinzi, haulizwi kitu. Yeye ndiye angeanza kuulizwa.

Na mtu anayeletewa mtoto wa sokwe mlangoni afanye nini? Asitoe hata franka moja. Apigie simu ICCN ama watu wa Lwiro, hata kama muuzaji atakimbia na kikapu chake. Ni jambo gumu sana kulifanya ukiwa umeshikwa kidole, hilo lazima likubaliwe.

Kwa vijana wanaotaka kweli mnyama wa kutoka mbali, Bukavu inaye tayari, ila hakuna anayemtaja mbele ya kibanda cha unite. Ni dende. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na sasa analala chini ya vitanda vya Kadutu na Bagira. Anakula majani na maganda ya jikoni, anazaa haraka, na mtoto akimuuza anapata daftari za shule. Kila jioni watoto wanaonekana kandokando ya barabara, wakimkatia majani.