Wakunga wetu ng'ambo na taaluma ya lishe inayoachwa mlangoni

MKUNGA anayehudumu katika zahanati ya mashambani nchini Kenya hana budi kuwa mtu wa taaluma mbili. Asubuhi humpima mama mjamzito shinikizo la damu na kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni. Papo hapo humzungushia utepe kwenye mkono wa juu ili kujua iwapo amekonda kupita kiasi, humfunua kope kuangalia kama damu imepungua, humpa tembe za madini ya chuma zilizochanganywa na asidi ya foliki, kisha humuuliza alikula nini jana. Hakuna ukuta kati ya ukunga na lishe katika chumba hicho, kwa sababu aghalabu hakuna mtu wa pili wa kukaa upande ule mwingine wa ukuta.

Mkunga huyo huyo akienda kufanya kazi Uingereza, huukuta ukuta huo umeshajengwa, tena kwa sheria. Asiyeambiwa mapema huugundua akiwa tayari amefika, amekodi nyumba na ameanza kulipa madeni ya safari. Hili ndilo jambo ambalo mjadala wetu kuhusu wauguzi wanaokwenda ng'ambo umelipita kimya.

Itakumbukwa kwamba Julai 2021, wakati wa ziara ya Rais wa wakati huo, Bw Uhuru Kenyatta, jijini London, Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuwapa wauguzi wa Kenya waliohitimu lakini wasio na ajira nafasi katika hospitali za Uingereza. Oktoba mwaka uo huo, aliyekuwa Waziri wa Afya, Bw Mutahi Kagwe, alifichua kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, ni 10 pekee waliofaulu. Taarifa hiyo ilizua kicheko na hasira kwa kipimo kimoja, na gumzo likawa Kiingereza tu. Kundi la kwanza la wauguzi 19 lilisafiri Juni 2022. Walioshangilia walishangilia, waliolalamika kwamba nchi inapoteza wauguzi wakalalamika. Ni wachache mno waliouliza swali jepesi kuliko yote: wakifika huko, watafanya kazi gani hasa?

Swali hilo lina uzito kwa sababu ya jinsi tunavyowafunza wauguzi wetu. Stashahada ya uuguzi wa afya ya jamii, ambayo imewatoa wauguzi wengi katika zahanati na vituo vyetu vya afya, huchanganya uuguzi, ukunga na afya ya jamii katika kozi moja. Anayehitimu huwa mkunga kamili. Baadhi yao, baada ya miaka kadhaa kazini, hurudi chuoni kusomea lishe, taaluma ambayo nayo ina sheria yake ya mwaka wa 2007 na taasisi yake ya kusajili wataalamu.

Nchini Uingereza, Baraza la Wauguzi na Wakunga, NMC, huweka daftari la wauguzi mbali na la wakunga. Kila daftari lina mtihani wake wa kompyuta na mtihani wake wa vitendo. Aliyeingia kama muuguzi wa watu wazima hawezi kuvuka ukumbi na kwenda kuzalisha, hata kama alizalisha mamia ya watoto Kitui au Busia. Akisajiliwa kotekote, kila baada ya miaka mitatu atatakiwa kuthibitisha kuwa amefanya kazi kwa saa 900: 450 za uuguzi na 450 za ukunga. Lishe ya tiba iko chini ya baraza jingine kabisa, HCPC, na kujiita mtaalamu wa taaluma hiyo bila kusajiliwa ni kosa la jinai. Hapo pana kinaya. Cheo cha mtaalamu wa lishe ya kawaida hakilindwi na sheria ya Uingereza; kuna daftari la hiari tu. Kwa hivyo mtu asiye na cheti chochote anaweza kubandika bango la ushauri wa lishe mlangoni pake, ilhali mwenye shahada ya lishe ya tiba kutoka Kenya hawezi kutumia jina la taaluma aliyoisomea hadi HCPC imkubali.

Je, ukuta huo ni wa kuonea wageni? Mwandishi huyu haoni hivyo. Mkunga anayesafiri na ushauri wake wa lishe bila kuupima upya anaweza kumdhuru mama anayetaka kumsaidia, na mfano ulio wazi zaidi ni maini.

Kwetu, mama aliyepungukiwa na damu huambiwa ale maini akiyapata. Ni ushauri wa busara kwa mtu anayeonja nyama kwa nadra na ambaye chakula chake cha kila siku ni ugali na sukuma wiki. Nchini Uingereza, wajawazito hukatazwa maini moja kwa moja, kwa kuwa yana vitamini A nyingi ambayo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Tazama pia tembe. Nchini Kenya kila mjamzito hupaswa kupewa tembe yenye miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku hadi ajifungue. Waingereza hawagawi chuma kwa kila mama. Hupima damu mwanzoni mwa mimba na tena karibu na wiki ya 28, na anayepewa ni yule aliyeonekana na upungufu. Asidi ya foliki hunywewa hadi wiki ya 12. Badala yake husisitiza vitamini D, mikrogramu 10 kwa siku, na husisitiza zaidi kwa wenye ngozi nyeusi, kwani jua la huko halitoshi. Mkunga aliyetoka Mombasa hakuwahi kuwa na sababu ya kuhangaikia jua.

Kisha kuna udongo. Mama mjamzito wa Kenya anayetafuna mawe laini yanayouzwa sokoni huonywa kuhusu minyoo na kwamba udongo huzuia chuma kuingia mwilini. Mawe ya namna hiyo huuzwa pia katika maduka ya Waafrika nchini Uingereza, na wakuu wa usalama wa chakula wa huko wameonya kwamba yamekutwa na madini ya risasi. Mkunga Mwingereza anaweza kumhudumia mama Mkenya kwa miezi tisa asijue kama anayala, kwa sababu hajui kwamba ni jambo la kuuliza. Mkenya angeuliza siku ya kwanza.

Na hapo ndipo hasara ya ukuta huo inapoonekana. Uchunguzi wa kitaifa wa vifo vya akina mama nchini Uingereza ulionyesha kuwa katika miaka ya 2018 hadi 2020, mwanamke mweusi alikuwa katika hatari ya kufa kutokana na ujauzito au uzazi karibu mara nne kuliko mwanamke mzungu. Pengo hilo limepungua baadaye, lakini halijazibika. Sababu zake ni nyingi, na itakuwa upotoshaji kusema ni chakula. Hata hivyo, kati ya mambo ambayo wanawake hao hulalamikia ni kutosikilizwa, na si rahisi kumsikiliza mtu ambaye hujui anapika nini.

Mathalan, mama akipatikana na kisukari cha mimba, ambacho hupimwa kwa kinywaji cha glukosi kati ya wiki ya 24 na ya 28, hupelekwa kwa mtaalamu wa lishe ya tiba. Huenda mtaalamu huyo akamweleza kwa ufasaha kuhusu mkate, viazi na tambi. Mama anataka kujua kuhusu ugali: apunguze kiasi gani, je, wa wimbi ni afadhali kuliko wa mahindi, na chapati afanyeje. Muuguzi Mkenya aliye katika wodi ya wazee ghorofa ya tatu ya hospitali hiyo hiyo ana majibu, lakini hapewi fursa ya kuyatoa. Jioni akifika nyumbani, mama yule yule anaweza kumwandikia kwenye kundi la WhatsApp la Wakenya wa mji huo. Hapo ndipo mtego ulipo. Akijibu kama dada wa nyumbani, sawa. Akianza kutoza pesa na kuwaandikia watu mipango ya chakula, kanuni za NMC za kutovuka mipaka ya ujuzi wake zinamfuata hadi kwenye simu, na leseni aliyoihangaikia miaka mingi imo hatarini. Viza nayo ina masharti: mwenye viza ya mfanyakazi stadi huruhusiwa kazi ya ziada ya saa 20 kwa wiki, tena katika kazi zilizo kwenye orodha ya serikali.

Kuna mlango lakini, na inashangaza jinsi usivyotangazwa kwetu. Hospitali za Uingereza huwa na wakunga maalumu wa ulishaji wa watoto wachanga na wengine wa kisukari cha mimba. Hawa ni wakunga waliosajiliwa, wala si wataalamu wa lishe ya tiba, lakini kutwa kazi yao ni chakula: cha mama na cha mtoto. Uhitaji upo. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2010, mama 81 kati ya 100 nchini Uingereza walianza kunyonyesha, lakini walionyonyesha maziwa ya mama pekee hadi mtoto alipotimiza miezi sita walikuwa asilimia moja tu. Nchini Kenya, uchunguzi wa 2022 ulipata kuwa asilimia 60 ya watoto walio chini ya miezi sita hunyonya maziwa ya mama pekee. Vipimo hivyo viwili havilingani sawasawa, kwa maana kimoja hutazama siku ya kutimiza miezi sita na kingine hutazama watoto wote wa chini ya umri huo. Hata ukiondoa tofauti hiyo, mkunga aliyezoea kumkalia mama kitako hadi mtoto ashike titi vizuri ana ujuzi ambao Uingereza inaukosa. Tena ametoka katika nchi ambayo tangu 2012 ina sheria ya kudhibiti utangazaji wa maziwa ya kopo.

Ili kuufikia mlango huo, lazima awe ameingia kama mkunga. Akiingia kama muuguzi tu, mkono wake huanza kusahau.

Upande wa Kenya una hesabu yake pia. Hatuwezi kuwalaumu wanaoondoka. Mgomo wa wauguzi wa 2017 ulichukua takriban miezi mitano, na hadi leo kuna waliohitimu wasio na kazi katika kaunti ambazo zahanati zake zina muuguzi mmoja. Pesa wanazotuma Wakenya walio ng'ambo zilifikia karibu dola bilioni 4.9 mwaka wa 2024, na hakuna serikali itakayozidharau. Lakini magonjwa ya chakula ya mama Mkenya yanabadilika. Udumavu wa watoto ulishuka kutoka asilimia 26 mwaka wa 2014 hadi asilimia 18 mwaka wa 2022, jambo la kupongezwa. Wakati uo huo wanawake wenye uzito kupita kiasi, ambao walikuwa asilimia 33 mwaka wa 2014, wamezidi kuongezeka. Kisukari cha mimba si ugonjwa wa Wazungu tena. Mkunga wetu aliyezoezwa kutafuta mama aliyekonda sasa anahitaji jicho la pili, na jicho hilo ndilo ambalo mkunga wa kliniki ya kisukari nchini Uingereza hulipata kwa kazi ya kila siku.

Iwapo tunawapeleka watu, basi tuwapeleke mahali ambapo watajifunza tunachohitaji. Wizara ya Afya ina uwezo wa kuomba, mkataba utakapopitiwa upya, kwamba waliofunzwa ukunga waandikishwe katika daftari la wakunga, wala si la wauguzi pekee. Baraza la Wauguzi la Kenya na taasisi ya wataalamu wa lishe zinaweza kukubaliana jinsi ya kuutambua ujuzi wa anayerudi. Kaunti nazo zingeweza kuanzisha nafasi ya mkunga wa lishe ya uzazi katika hospitali zao kuu, kwa sababu anayerejea na ujuzi mpya akipangiwa zamu zile zile alizoziacha, hatakaa.

Kwa yule ambaye tayari ana fomu mezani, mambo ni mafupi. Jibu kuhusu daftari utakaloingia litafute kabla ya kulipa ada yoyote, na kama ulizalisha mwaka huu, omba ukunga kwanza, saa zako za kazi zingali mpya. Alama za Kiingereza zinazotakiwa na NMC katika mtihani wa IELTS ni 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Cheti cha lishe usikiache nyumbani. Hakitakupa cheo siku ya kwanza, lakini nafasi ya mkunga wa ulishaji au wa kisukari ikitangazwa, wewe utakuwa na la kuonyesha.